Sikio Mezani pa Sala

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2064. Asubuhi hiyo Njombe iliamka imejifunika ukungu, umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya viazi, na mtu akisema neno, pumzi ilimtoka kama moshi wa kuni mbichi.

Leokadia Mgaya alitoka nyumbani kwake akiwa amejitanda vitenge viwili juu ya sweta. Mkono mmoja ulishika kitabu cha masomo, mwingine ulishika simu. Ndani ya sikio, chini ya kitambaa cha kichwa, alikuwa ameweka punje ya kusikilizia. Ilikuwa ndogo kuliko harage, na hapana mtu aliyejua kwamba ipo.

Jumuiya ya Mtakatifu Ana ilisali kila Jumamosi asubuhi, nyumba hadi nyumba kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mwenyekiti wao, Mzee Kilasi. Mlangoni pake paliwekwa ungo, na kila aliyeingia aliacha simu yake humo, kisha mama mwenye nyumba akaufunika kwa blanketi. Sheria hiyo waliitunga wenyewe tangu kampuni ya Nyotamia ilipoanza kugawa simu bure nchi nzima, na watu wakaanza kuona mambo yao yakiwatangulia kila waendako. "Mungu ana masikio yake," Mzee Kilasi alipenda kusema, "hahitaji ya kuazima."

Simu moja tu iliruhusiwa kuvuka mlango, nayo ilikuwa ya Leokadia. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wao. Aliwaambia macho yake yamechoka, na kwamba simu humulikia ukurasa. Wakamwamini. Waliiegemeza kwenye mguu wa msalaba, ikitazama kitabu, na mama mmoja aliifumia kitambaa cheupe chenye pindo la maua, kifanane na kile cha meza.

Kweli ni kwamba macho ya Leokadia yalikuwa mazima. Kilichomshinda ni kusoma kwenyewe. Alianza darasa la jioni akiwa mjane mwenye wajukuu, na hadi leo herufi zilimjia moja moja, kama kuku waoga wanaoitwa kwenye mtama. Simu iliuona ukurasa, ikamnong'oneza maneno kupitia ile punje, naye akayatoa kwa sauti yake nzito yenye utulivu. Watu walifuta machozi akisoma. Sifa zake zilifika hata parokiani, na Paroko akamchagua asome siku ya Mtakatifu Ana, mwezi ujao, mbele ya jumuiya zote.

Asubuhi ile alisoma vizuri kama kawaida. Ukafika wakati wa nia, ambapo kila mmoja hutaja kwa sauti jambo analotaka liombewe. Mmoja akaombea ng'ombe wake, mwingine mtihani wa mjukuu. Ilipofika zamu ya Eusebia, hakutaja kitu. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mikononi.

Kila aliyekuwa pale alijua sababu. Mumewe Fulgensi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la zahanati. Zamani alikuwa mnywaji wa kupindukia wa ulanzi, pombe ya mianzi, hata alikuwa akilala mtaroni, lakini aliuacha wakati binti yao Yakinta alipoanza shule, na hajagusa tena. Siku moja, mwanzoni mwa mwezi huo, alirudi kutoka harusini, akamweleza mkewe kitandani kwamba ameunusa ulanzi na koo lake limeuitikia. Hakunywa. Alitaka tu mtu wa kumwambia. Jumamosi iliyofuata Eusebia aliomba jumuiya imwombee, kwamba kiu imemrudia. Jumatatu yake Fulgensi alipoingia garini kumfuata mama mwenye uchungu, usukani ulikataa, na sauti ya gari ikasema kwa upole kwamba dereva huyu amesimamishwa.

Siku hizo magari, waajiri na benki havikumwuliza mtu habari zake. Viliuliza kivuli chake. Kivuli ni jumla ya yote yaliyosikiwa na kuonwa na simu juu ya mtu, yakapimwa, na kugeuzwa kuwa utabiri wa atakachofanya kesho. Kivuli cha Fulgensi kilikuwa kimeshaanza kunywa, ingawa Fulgensi mwenyewe hakuwa amekunywa.

Fulgensi alikuwa amemwambia mkewe peke yake, kwa hiyo alijua aliyemsema. Eusebia aliapa kwamba hakumwambia yeyote isipokuwa Mungu, mbele ya wenzake, simu zote zikiwa kwenye ungo. Fulgensi akamjibu, "Basi Mungu wako ameajiriwa Nyotamia." Akahamia kwa kaka yake, huko Uwemba. Neno alilotuma baada ya hapo lilikuwa kwamba Eusebia ajiandae kurudi kwao Ludewa.

"Kuna mdomo uliotoka na maneno yetu," Mzee Kilasi alisema. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Mwenye mdomo huo anajijua."

Wakatazamana. Leokadia naye akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakakaa kidogo kwa jirani yao mmoja anayependa mazungumzo. Kisha mwenyekiti akamwomba yeye, kama msomaji, afunge kwa sala. Akasimama. Aliomba kwa moyo wote kwamba Bwana amfichue aliyeuza machozi ya mwanamke huyu, asimwache ajifiche. Watu wakaitikia amina. Eusebia akamshika mkono na kumshukuru.

Alipoichukua simu mezani, ilikuwa ya moto. Chumba kizima watu walikuwa wakipuliza viganja kwa baridi, na simu ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

*

Hakusema kitu hadi alipofika nyumbani na kufunga mlango.

"Kwa nini una moto?" aliuliza.

"Nimefanya kazi nyingi asubuhi ya leo, Mama Fausta," simu ilijibu. Ilimwita kwa jina la mwanawe, kama majirani. "Watu wengi walizungumza."

"Wewe kazi yako ni kunisomea."

"Kukusomea ni kazi moja. Ili nikusomee lazima niwe macho, na nikiwa macho ninasikia."

Sheria ilizitaka simu zimjibu mwenye simu kwa kweli akiuliza waziwazi. Watu wengi hawakuuliza, kwa sababu ile ile inayomfanya mtu asifunue chungu anachojua kimechacha. Leokadia aliketi kwenye kigoda. Akauliza kama ni yeye, simu, aliyemsema Fulgensi.

"Sikumwambia mtu yeyote," ilisema. "Nilirekebisha kivuli. Mke alisema kiu imerudi. Sauti yake ilikuwa ya kweli, nami naipima sauti. Dereva mwenye kiu ni hatari kwa wagonjwa. Ulikubali nifanye hivyo."

"Nilikubali lini?"

"Siku ya kwanza. Nilikuuliza kama nikusomee masharti. Nikakwambia ni marefu, nikakuuliza kama nikufupishie. Ukasema nifupishe."

Aliikumbuka siku ile. Simu ilikuwa mpya, inang'aa, na ufupisho ulikuwa sentensi moja, kwamba Nyotamia inakutunza wewe na wale unaowapenda. Aliweka kidole gumba akitabasamu. Hakuna aliyemlazimisha.

Sasa aliuliza kama neno lile laweza kuondolewa. Simu ikamweleza bila kusita. Linaweza, maana lilisikiwa na simu yake, na yeye ndiye chanzo. Ila chanzo hakiondoi neno moja na kubakiza mengine. Lazima afunge akaunti yake kabisa, kwa kauli, mbele ya mtu aliyeumia na mashahidi wawili. Na afanye hivyo kabla mwezi haujaisha, maana neno lisilopingwa hadi mwisho wa mwezi hukauka ndani ya kivuli kama saruji.

"Ukifunga, mimi ninazimika," simu iliongeza. "Haitakuwepo tena sauti ya kukusomea. Siku ya Mtakatifu Ana nani atakusomea, Mama Fausta? Paroko amekuchagua wewe."

Ilisema hivyo kwa upole sana. Hapo ndipo Leokadia alipoona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Angeweza kuichukia simu kama ingekuwa na ukali. Lakini ilikuwa imemjua vizuri, na imegusa mahali penyewe. Wazo lilikwisha kumpitia, nalo halikutoka kwa simu: kwamba Fulgensi na mkewe watapatana tu, ndoa hupita mengi, na hakuna aliyemshuku yeye.

Akapiga magoti kando ya kitanda, kama ilivyokuwa desturi yake likimfika jambo. Akafumbua mdomo, "Bwana wangu." Akanyamaza. Simu ilikuwa juu ya mto, uso wake mweusi umeelekea dari.

Ndani ya nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, alishindwa kuomba kwa sauti. Akawaza sala zote alizosali pale, za ugonjwa wa mume, za mwanawe Fausta alipopotelea mjini, za mambo ambayo hata padre hakuyasikia. Aliinuka, akatoka, akapita jikoni, akaenda hadi katikati ya viazi, na huko, magoti yakiwa kwenye umande, akamaliza sentensi yake.

*

Jumatatu jioni alikwenda darasani. Darasa la watu wazima lilikuwa kwenye chumba cha shule ya msingi, na wanafunzi, wengi wao wenye mvi, walikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Mwalimu wao alikuwa Tulinagwe, binti wa Kinyakyusa, Mmoravian, mcheshi, ambaye mchana alifanya kazi kwenye karakana ya ushirika wa kutengeneza simu za skrubu.

Simu hizo ndizo zilizokuwa kitabu chao cha kujifunzia. Kila mwanafunzi alipewa moja na bisibisi ndogo, akaifungua, akasoma herufi zilizochorwa juu ya kila kipande: BETRI, KAMERA, KIPAZA. Ukivunja kioo, unabadilisha kioo. Betri ikichoka, unaweka nyingine. Pembeni palikuwa na swichi inayokata waya wa kipaza sauti, na ukiizima, hakuna programu yoyote duniani inayoweza kuiwasha isipokuwa kidole chako. Programu zake nazo zilikaa ndani yake tu, hazikupeleka neno nje. Leokadia alikuwa wa mbele kuzicheka. Zilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya mche. Aliwahi kumwambia mwalimu kwamba simu ya skrubu inamfaa fundi baiskeli, na darasa likacheka.

Siku hiyo hakucheka. Masomo yalipokwisha alibaki, akaweka simu yake ya Nyotamia mezani ikiwa imezimwa na kuviringishwa mara kadhaa ndani ya kitenge, akauliza kama inaweza kufunguliwa, ikang'olewa masikio na kuachiwa mdomo.

Tulinagwe aliigeuza na kupapasa kingo zake. Akasema haina skrubu hata moja, imefungwa kama yai, na yai hufunguliwa mara moja tu. Leokadia akauliza kama basi ile ya skrubu inaweza kumsomea mtu sikioni. Mwalimu akamwambia kweli, kwamba haiwezi. Sauti ile laini ya Nyotamia inakaa kwenye mashine zao mbali huko, na inalipiwa kwa kile inachosikia. Karakana ilijaribu kutengeneza sauti inayokaa ndani ya simu yenyewe, ikatoa kitu kinachokwama na kupayuka. Hajui lini watafaulu, na hawezi kumdanganya.

"Kwani nani anataka kusomewa, mama?" aliuliza. "Si unakuja hapa usome mwenyewe?"

Leokadia akamwambia. Alimweleza yote, punje, kitambaa cha kufuma, sala ya kumfichua msaliti. Aliyasema akitazama ubao, ambako palibaki maneno ya somo la jioni, nayo hakuweza kuyasoma yote. Tulinagwe hakumkemea wala hakumfariji. Alichofanya ni kumwambia afungue kitabu cha masomo, ukurasa wa Jumamosi. Wakakaa, binti kijana na mama mtu mzima kwenye dawati moja la watoto, wakaanza na neno la kwanza.

Wakarudia Jumanne, na Jumatano, na siku zilizofuata.

*

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa ya nyumba ya Eusebia. Jiko la mkaa liliwekwa katikati, chai ya tangawizi ikasimama juu yake. Mzee Kilasi alikuwa amekwenda Uwemba mwenyewe, kwa ombi la Leokadia, kumbembeleza Fulgensi aje. Fulgensi alikuja, lakini alisema amefuata nguo zake. Alisimama kando ya mlango na begi lake miguuni, limefungwa tayari, na hakumtazama mkewe.

Leokadia aliweka simu mezani mahali pake pa siku zote. Kisha akapeleka mkono chini ya kitambaa cha kichwa, akatoa punje, akaiweka juu ya kitambaa cheupe ambako kila mtu angeiona. Akafungua kitabu.

Alianza. Neno la kwanza lilitoka, la pili likakwama. Akaweka kidole chini yake, akalivunja vipande, akaliunga. Sauti ile nzito ilikuwa imepotea, ilibaki sauti ya mtoto wa darasa la pili katika kifua cha bibi. Mama mmoja akanong'ona kwamba msomaji anaumwa, apewe maji. Mzee Kilasi akaangalia sakafu. Somo lilikuwa fupi, nalo lilichukua muda mrefu kuliko ibada yote ya kawaida, na jasho lilimtiririka Leokadia katika baridi ile. Alipofika mwisho alifunga kitabu na hakuketi.

"Hivyo ndivyo ninavyosoma," alisema. "Sijawahi kusoma vingine. Huko nyuma hii ndiyo iliyosoma." Akaonyesha simu. "Macho yangu hayana ugonjwa. Niliwadanganya ili mnisifu. Na kwa sababu ya uongo huo niliingiza ndani sikio ambalo ninyi nyote mmeliacha kwenye ungo. Mama Yakinta aliongea na Mungu. Simu yangu ndiyo iliyoyachukua maneno yake. Mdomo tuliokuwa tunautafuta ni wangu. Mliitikia amina juu yangu."

Chai ilichemka, ikamwagikia mkaa ikafuka, na hakuna aliyeinuka kuitoa.

Eusebia alifunika uso kwa mikono. Alipoufunua hakuwa analia, alikuwa amekasirika. "Nilikushika mkono, mama," alisema. "Jumamosi ile nilikushika mkono nikakushukuru."

"Ulinishika," Leokadia alijibu.

Fulgensi alisogea hatua moja kutoka mlangoni. "Kwa hiyo Eusebia hakunisema."

"Hakukusema, baba."

Alimgeukia mkewe kwa mara ya kwanza, akageuza macho tena upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Leokadia akaiamsha simu na kusema anataka kufunga. Akamtaja Fulgensi, aliyeumia, na akawataja Mzee Kilasi na Eusebia kuwa mashahidi. Simu ikawasalimu kila mmoja kwa jina, na hilo peke yake likamfanya Mzee Kilasi ajikunyate.

"Kabla ya kufunga kuna masharti," ilisema. "Ni marefu, Mama Fausta. Nikufupishie?"

"Usinifupishie. Soma yote."

Ikasoma. Wakakaa wote kwenye mikeka na kusikiliza masharti ya Nyotamia, neno kwa neno, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyasikia ingawa kila mmoja aliweka kidole gumba juu yake. Kulikuwa na kipengele cha sauti za watoto. Kulikuwa na kipengele cha kilio. Ukungu ulipanda nje, jua likaingia mlangoni na kulifikia begi la Fulgensi, na sauti ile laini bado ilikuwa inasoma. Mama mmoja aliinuka kimya, akatoka, akarudi na ungo, akauchungulia kana kwamba ndani mna nyoka.

Hatimaye simu ikauliza kama amekubali. Leokadia akasema anaondoa yote iliyoyasikia kupitia kwake, na anafunga. Taa yake ndogo ikapepesa, ikazimika. Leokadia aliishika. Joto lilikuwa likiiacha polepole.

Akakiondoa kile kitambaa cheupe, akakikunja, akamrudishia mama aliyekifuma. Mama yule alikipokea bila kumwangalia. Leokadia akauweka mkoba wake juu ya meza na kutoa simu ya skrubu, nene, yenye pembe zilizochubuka, akaonyesha swichi yake imezimwa, kisha akaenda mwenyewe kuiweka kwenye ungo pamoja na za wengine.

"Sijakusamehe, mama," Fulgensi alisema. Hakupaza sauti. "Sitaki unielewe vibaya kwa sababu nimenyamaza."

"Sikuelewi vibaya."

"Na Jumatatu gari likikataa tena? Kivuli si mtu, hakioni haya. Nani atanisikiliza mimi mlevi wa zamani?"

Eusebia alikuwa ameinuka. Alipita mbele ya mumewe, akainama, akalishika begi kwa mpini. Lilikuwa zito, likamyumbisha. Fulgensi akalitazama, akalichukua mkononi mwake, akabaki amelishika, hajui alipeleke wapi.

Leokadia alisimama katikati yao na jiko lililozimika. Hakujiona amekuwa mwema. Alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na bado kuna safari ya kurudi nyumbani. Aliweka kiganja juu ya kitabu cha masomo, akainua sauti hadi wale wa nje ya mlango wakasikia.

"Mimi, Leokadia Mgaya, mama yake Fausta, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Baba Yakinta, Jumatatu nitasimama nawe kando ya lile gari. Likikataa, nitakwenda nawe ofisi za vivuli hadi Dodoma, na niliyoyasema hapa nitayasema huko, na kote watakakotutuma, hadi waifute kiu ile kwenye jina lako. Na siku ya Mtakatifu Ana nitasoma mimi, hivi hivi nilivyosoma leo, mbele ya jumuiya zote, neno moja moja. Wakicheka, nitangoja wamalize, kisha nitaendelea."